Kitalu Kisichopewa Kitu

Kazini walimwita Bwana Kopo. Jina lake halisi liko kwenye kitabu cha mahudhurio, na hata karani anayelisoma kila asubuhi hulisahau kabla ya kufunga kitabu. Alikuwa na kopo, ndiyo sababu. Kopo la bati la maziwa ya unga, na ndani yake mstari aliouchora mwenyewe kwa msumari. Maji yakifika kwenye mstari, basi. Hata tone moja haongezi.

Kazi yake ilikuwa kunywesha vitalu. Vilikuwa sita, vimezungushiwa mbao, nyuma ya jengo refu la watu wa utafiti. Ng'ambo ya ukuta, hatua mia tatu, kilisimama kiwanda cha mbolea. Mabomba yake mawili yalitoa moshi mwaka mzima, huu mweupe, huu wa manjano kama meno ya mvuta sigara. Ukianika shati asubuhi, jioni unalikung'uta kwanza ndipo unalivaa.

Katika vitalu vile hakuna aliyepanda mahindi wala maharage. Yalikuwa majani tu, majani ya mlimani, na katikati ya majani vimea vifupi vyenye maua ya samawati, madogo kama kipini cha puani. Vipini, ndivyo mke wa Bwana Kopo alivyoviita. Kwao mlimani kila mtu aliviita hivyo.

Tena mkewe ndiye aliyevileta. Hilo Bwana Kopo alikuwa mwepesi kulisema, yeye ambaye maneno mengine yote ilibidi uyavute kwa koleo.

Ilikuwa miaka ishirini nyuma. Daktari alikuwa bado msichana, ametoka masomoni juzi. Hakuwa daktari wa kutibu watu, alikuwa wa mimea. Mlinzi wa getini alimwita daktari asiye na sindano, lakini akishapita. Daktari alikuwa akitafuta mmea uliozoea udongo wa njaa, udongo usio na rutuba, auone utafanya nini ukiletwa karibu na kiwanda. Mke wa Bwana Kopo siku hiyo alikuwa amemletea mumewe chakula. Akasikia. Akasema, "Kwetu mlimani vipo mpaka mbuzi wamevichoka." Alipokwenda kwao kusalimia, alirudi na mbegu kazifunga kwenye pindo la kitambaa cha kichwa. Kitambaa chote kilinukia. Nyumba ilinukia wiki nzima.

Daktari alichota mbegu kidogo, akazitia kwenye bahasha, na bahasha akaitia kwenye friji ya maabara. Bwana Kopo alicheka. Kulaza mbegu na barafu, kama samaki! Zilizobaki zikapandwa.

Vitalu vitano vilipewa maji yaliyochanganywa na mbolea, kila kimoja kwa kiasi chake. Cha sita, kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, hakikupewa kitu. Maji matupu, yaliyopita kwenye mashine ya kuchuja. Hakuna kupalilia. Hakuna kukanyaga, unapita juu ya ubao, na kabla ya ubao unaosha miguu. Vipini huishi mwaka mmoja tu. Vikikauka, unakusanya mbegu kwenye mfuko wa karatasi, na msimu ukifika unazirudisha kitalu kilekile zilikotoka. Bwana Kopo hakujua kusoma, kwa hiyo kila kitalu kilikuwa na uzi wa rangi yake wa kufungia mfuko. Cha sita uzi mweupe. Miaka yote hiyo hajawahi kukosea uzi.

Daktari alimweleza mara moja kwa nini wanafanya hivyo, na mara moja ilimtosha.

"Moshi wa kiwanda, mzee wangu, na wa magari pia, una naitrojeni. Inashuka na vumbi, inashuka na mvua. Ni mbolea, ila hakuna aliyeiomba. Majani marefu yanaifurahia. Vimea vifupi vinafunikwa, vinakosa jua, vinakufa bila kuzaa. Kikitokea kimoja kimezaliwa kirefu kidogo, jani pana kidogo, hicho kinapona, kinazaa. Mwaka unaofuata wanawe wanakuwa wengi. Fanya hivyo miaka kumi, kumi na tano. Kitalu kizima ni watoto wa virefu."

"Kwa hiyo vinabadilika."

"Vinabadilika. Na hiki kisichopewa kitu ndicho cha kutuonyesha vilikuwaje."

Kila mwaka, maua yakichanua, mkewe alikuja kuviona. Mlinzi alikuwa akimpitisha bila kumwandika. "Pita, mama mkwe wa majani," alimwambia. Naye humjibu, "Na wewe mkaza mwana wa geti, utazaa lini?" Kisha husimama juu ya ubao, mikono kiunoni, anatazama kitalu cha uzi mweupe muda mrefu.

Mwaka mmoja alisema, "Vimenenepa."

"Vinatunzwa."

"Kama wewe. Nawe nilikuchukua mwembamba."

Mwaka wa mwisho alikuja taratibu, kifua kikimbana, akipumzika kila hatua kumi. Aliinama, akanusa. Akanusa tena. Akainuka ameshika magoti. "Pua yangu imezeeka," akasema. Wakarudi nyumbani.

Wakati huo mlimani kwao hapakuwa na kipini hata kimoja. Daktari alikwenda mara mbili akarudi mikono mitupu. Mabomba yalikuwa yameongezwa urefu, moshi unakwenda mbali zaidi, na barabara kubwa ilipita chini ya mlima. Majani huko sasa yalimfika mtu gotini. Mbuzi walinenepa. Watu walishukuru.

Mkewe alifariki kabla msimu haujarudi. Siku mbili kabla, alimwambia mumewe, "Vile vya uzi mweupe usiviache. Ndivyo vilivyobaki vya kwetu."

"Sitaviacha."

Mkewe hakudai zaidi. Siku ya tatu baada ya mazishi, Bwana Kopo alikuwa kazini.

"Mzee, nenda nyumbani ukakae na watu," mlinzi alimwambia.

"Watu wanaongea."

Mlinzi akafungua geti.

Miezi sita ikapita hivyo. Binti yake, fundi cherehani, alihamia nyumbani kumwangalia. Akaweka cherehani yake sebuleni, dirishani, mahali alipokuwa akikaa mama yake. Bwana Kopo alikula akipewa, asipopewa hakuuliza.

Ndipo Daktari alipomwita ofisini. Nywele zake sasa zilikuwa zimeingia mvi pembeni. Alimwambia kazi ya vitalu inakwisha msimu huu. Aliyekuwa akiwalipia utafiti amesema imetosha.

"Lakini kabla ya kufunga, nataka tuitoe ile bahasha. Unaikumbuka?"

"Ya barafuni."

"Hiyohiyo. Tutaziotesha zile mbegu za mwanzo kabisa, na pembeni tutaotesha za uzi mweupe za mavuno ya mwisho. Vyungu sawa, udongo sawa, maji sawa. Tulinganishe bibi na vitukuu."

"Ni zilezile," Bwana Kopo alisema.

"Tutaona."

"Hakuna cha kuona. Mapacha. Nimezilinda mwenyewe." Kisha akaomba jambo, na katika miaka ishirini lilikuwa ombi lake la kwanza. "Kitalu kikifungwa, mbegu za uzi mweupe nipewe mimi."

"Ni zako, mzee wangu. Nani mwingine?"

Alitoka pale mgongo umenyooka kidogo. Jioni alimwambia bintiye, "Za mama yako tutazipanda hapa." Yule binti alisimamisha mguu wa cherehani akamtazama, maana baba yake alikuwa hajaanzisha mazungumzo tangu msiba.

Walipanda mbegu arobaini kutoka kwenye bahasha na arobaini za uzi mweupe, ndani ya banda la nailoni, mbali na vumbi. Za uzi mweupe zilitoka zote isipokuwa mbili. Za bahasha zilitoka tatu. Umeme ulikuwa umekatika mara nyingi mno katika miaka ishirini, na mbegu zilikuwa zimeganda na kuyeyuka, zimeganda na kuyeyuka. Katika hizo tatu, moja ilioza shina ikiwa na majani mawili. Ya pili ikafuata. Kikabaki kimea kimoja.

Bwana Kopo hakukipenda kile kimea. Vile vya uzi mweupe vilikuwa na majani mapana, vinapanda kwa haraka, unaviona vinavyojitahidi. Hiki kilikuwa na majani kama nyuzi, kimelala chini kama kimechapwa.

"Kinaumwa," alimwambia mlinzi, aliyechungulia bandani siku moja.

"Hicho? Hicho kinafunga. Angalia wenzake walivyo na vitambi!" Mlinzi akacheka peke yake. "Umewanywesha leo hao watoto?"

"Wamekunywa."

"Wanasemaje?"

"Wanauliza wewe unakunywa nini, mbona macho mekundu."

Ilikuwa mara ya kwanza mlinzi kumsikia akitania tangu afiwe. Alikwenda kuwasimulia wapishi.

Wiki ya saba, asubuhi, Bwana Kopo alifungua banda akiwa na kopo mkononi. Hakuingia. Alisimama mlangoni kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Harufu ile ilikuwa ya kitambaa cha kichwa. Ilikuwa ya nyumba yake wiki ile nzima, miaka ishirini nyuma, mkewe akiwa na kiuno chembamba na sauti ya juu. Kile kimea cha kulala chini kilikuwa kimechanua maua saba. Vile vinono havikuwa na dalili ya ua.

Aliinama akanusa. Kisha akatoka, akaenda mpaka kwenye kitalu cha uzi mweupe, ambako maua machache yalikuwa yameanza kutoka, marefu, yamekaa juu ya mabua kama taa za barabarani. Akanusa hayo nayo. Harufu ya majani. Akanusa tena, kama mkewe alivyonusa.

Pua yake haikuwa imezeeka.

Bwana Kopo aligeuza ndoo akaikalia. Mkewe alikuwa amesimama juu ya ubao ule, amenusa mara mbili, na pua yake ilikuwa sawasawa. Alirudi nyumbani akijilaumu. Wala mumewe hakumbishia.

Daktari alikuja na rula yake na daftari, akapima siku mbili. Siku ya tatu alivuta kiti akakaa mbele ya Bwana Kopo, pale kwenye kivuli cha jengo.

"Mzee wangu, kuna kitu hakinikai. Kitalu cha sita nilitegemea kibadilike kidogo. Hewa ni ya wote, mvua ni ya wote, sikuweza kukikinga na mbingu. Lakini hiki hakijabadilika kidogo. Kimefanana na vile vilivyopewa mbolea. Hewa peke yake isingekifikisha huku." Akafunga daftari. "Nisaidie kufikiri. Maji yake yalitoka wapi?"

Bwana Kopo angeweza kusema kwenye mashine. Nani angejua? Daktari hakuwahi kusimama pale na kopo. Alitazama viatu vyake. Kisha akanyanyuka. "Njoo," akasema.

Alimpeleka nyuma ya stoo. Palikuwa na pipa la plastiki, limefunikwa kwa mbao na jiwe. Juu yake mfereji wa bati ulikinga maji kutoka kwenye paa lote la stoo. Pipa lilikuwa safi. Alilisugua kila mwezi.

"Haya," akasema.

"Haya nini?"

"Maji yake. Wakati wa kiangazi. Mashine iliharibika mwaka ule wa nne, ukaniambia nitafute maji safi. Bomba lina dawa. Kisima kina chumvi. Nikaona, maji safi kuliko ya mvua ni yapi?"

Daktari alishika ukingo wa pipa. "Mashine ilitengenezwa baada ya wiki tatu."

"Najua."

"Sasa?"

"Vilikuwa vimependeza," Bwana Kopo alisema. "Vilikuwa kijani. Mke wangu alikuja akaona, akafurahi. Nikasema, haya ndiyo yanayovifaa."

"Miaka mingapi?"

Alihesabu kwa vidole, akarudia mkono wa kwanza, akarudia tena. "Kumi na sita."

Daktari alipanda kwenye ngazi ya stoo, akapitisha kiganja juu ya bati. Alishuka amekunjua mkono. Kiganja kilikuwa na ungaunga wa rangi ya majivu.

"Miezi yote ya kiangazi vumbi la kiwanda linakaa hapa juu," alisema taratibu. Hakupandisha sauti, na hilo lilimuumiza Bwana Kopo kuliko kelele. "Mvua ya kwanza inalisomba lote, paa zima, linaingia ndani ya pipa. Mzee wangu, ulikuwa unakinywesha kiwanda. Kwa kopo. Kwa kipimo."

"Nimekuharibia."

"Umeniharibia." Alijifuta mkono kwenye koti. "Nimeandika makala mbili juu ya kitalu hiki. Itabidi niandike upya kwamba nilichosema sicho." "Na mimi sikuuliza. Miaka kumi na sita napita hapa na gari, sijawahi kuuliza. Hilo nalo nitaliandika."

Siku ile Bwana Kopo alirudi nyumbani kwa miguu, ingawa mlinzi alimtafutia lifti.

Asubuhi yake alilimwaga pipa, akalipindua. Daktari alimkuta bandani, kasimama mbele ya kile kimea kimoja. Tayari Daktari mwenyewe alikuwa amekivisha mfuko wa wavu mweupe, mwembamba, nyuki wasiyafikie maua.

"Nimeshapima ninachotaka," Daktari alisema. "Nimechukua jani. Mimi jibu langu ninalo. Kilichobaki ni chako."

"Kitazaa?"

"Hapo ndipo penye kazi. Vipini havizai peke yake. Ua linahitaji unga wa mwenzake, wa mmea mwingine. Na cha namna hii hakuna kingine. Nimewaandikia watu, nimetafuta kila mahali ninapopajua. Hakuna."

Bwana Kopo alisubiri.

"Unaweza kukichavusha kwa vile vya uzi mweupe. Brashi unayo, kazi unaijua kuliko mimi. Mbegu zitapatikana. Lakini zitakuwa nusu kwa nusu. Ukiziacha nje chini ya moshi huu, baada ya miaka michache ile nusu ya mkeo itakuwa imefunikwa tena."

"Na nikikiacha?"

"Kitachanua mpaka kichoke. Kisha kitakauka."

"Siku ngapi?"

"Kumi. Labda kumi na mbili."

Jioni alimweleza binti yake. Aliyasema yote, pipa na paa na harufu, na ilimchukua muda, maana kila sentensi aliipa nafasi ipoe. Binti alisikiliza, uzi ukiwa bado umemning'inia mdomoni.

"Si ukipandishe tu, Baba!" akasema. "Unangoja nini? Nusu si bora kuliko sifuri?"

"Haitakuwa yenyewe."

"Nani mwenyewe duniani? Mimi nina pua yako na miguu ya Mama. Mlinitupa?"

"Ulipozaliwa mama yako alikuwepo," Bwana Kopo alisema. "Hukuja kumfuta."

"Kwani hiyo mbegu itamfuta nani?"

Binti alikata uzi kwa meno.

"Haya. Kizike na hicho. Wewe kila kitu ni kuzika tu. Nguo zake hujagusa, kitanda umehama, mimi nipo hapa miezi yote hii hujaniuliza hata nimelala vipi. Zika na ua."

Akageukia cherehani, akaikanyaga kwa nguvu juu ya kitambaa ambacho hakikuwa na mshono wa kushona. Bwana Kopo alibaki na sahani yake.

"Umelala vipi?" akauliza mwishowe.

"Vibaya," akasema bintiye, hakugeuka.

Kesho yake alijaribu. Lazima isemwe kwamba alijaribu. Aliosha miguu, akapita juu ya ubao, akaigusisha brashi kwenye ua moja refu la uzi mweupe mpaka ncha ikawa ya manjano. Akaibeba akiikinga na upepo kwa kiganja. Bandani alifungua uzi wa mfuko wa wavu. Harufu ikatoka yote kwa mara moja, ikamjaa usoni.

Kazi yenyewe ni ya kugusa tu. Alikuwa ameifanya mara elfu, katika vitalu vile vingine, huku akipiga mluzi. Alisogeza brashi mpaka ikabaki upana wa punje ya mchele. Mkono haukutetemeka. Ulikataa tu. Alikaa hivyo mpaka goti likafa ganzi. Kisha akaifuta brashi kwenye suruali, akafunga mfuko tena, fundo mara mbili.

Tangu siku hiyo alikula chakula chake cha mchana bandani, amekaa juu ya ndoo. Mlinzi alikuja mara moja na mzaha mdomoni, akamwona, akaumeza.

Siku ya sita binti yake alikuja. Mlinzi alimpitisha bila kumwandika. Aliingia bandani na chakula kwenye kontena, akakiweka chini, na kabla hajasema alikuwa ameshavuta pumzi. Akaziba mdomo kwa mkono.

"Ni Mama," akasema.

"Ndiyo."

Alichuchumaa kando ya chungu, akafunika uso kwa viganja, mabega yakicheza. Bwana Kopo alimsogezea ndoo akalie, akasimama yeye. Walikaa hivyo. Maua yalikuwa yamebaki manne.

"Kipandishe, Baba," binti alisema, machozi yangali usoni. "Nakuomba. Sasa ndiyo nakuomba kweli. Harufu hii nayo iende?"

"Mwanangu."

"Labda mbegu moja itaibeba. Moja tu. Huwezi kujua."

"Siwezi kujua," alikubali. "Hata ile mara ya kwanza sikujua."

Binti alimtazama kwa muda. Alikuwa na macho ya kumbishia, na maneno alikuwa nayo. Akachukua kontena, akafungua, akamkabidhi kijiko. "Kula, basi. Kinapoa."

Hakurudi tena bandani. Hawakugombana, lakini hakumwambia kwamba amefanya vema, wala siku hiyo wala baadaye. Usiku Bwana Kopo alimsikia akijigeuza chumbani kwake, naye akajigeuza chumbani kwake.

Ua la nne lilianguka, na la tatu, na la pili. La mwisho lilikaa siku tatu peke yake, kana kwamba limesahaulika. Siku ya kumi na moja asubuhi lilikuwa ndani ya mfuko wa wavu, chini, rangi yake imekwisha kuwa ya karatasi.

Daktari alikuja akiwa na masanduku. Ofisi yake ilikuwa inafungwa. Alitazama chungu, akatazama mfuko, akaona hakuna kifuko cha mbegu hata kimoja pale shinani.

"Hukukichavusha."

"Sikukichavusha."

"Kwa nini, mzee wangu? Nilidhani wewe kuliko mtu yeyote."

Bwana Kopo alitafuta maneno, na mara hii aliyapata yote.

"Nimeshakibadilisha mara moja bila kujua. Alikufa akidhani pua yake ndiyo mbovu. Kukibadilisha mara ya pili, tena kwa kujua, siwezi."

Daktari aliitikia kwa kichwa. Alipiga chafya ya vumbi, au alijifanya. Kisha akasema, "Mbegu za uzi mweupe bado ni zako. Nimeziweka mezani. Ulikuwa umeziomba."

"Wape watu wa kiwanda."

"Usiseme hivyo."

"Hazinihitaji, Daktari. Umeziona nje?"

Alikuwa ameziona. Zilikuwa zimeruka mbao zamani. Zilikuwa zimeota kando ya mfereji wa maji machafu, zimeota kwenye nyufa za ukuta, na ng'ambo ya ukuta zilipanda kuelekea kwenye mabomba, ndefu, nene, kijani kibichi, maua machache juu ya mabua. Hakuna aliyezinywesha. Zilikuwa zimezoea.

Daktari alimpa mkono, akaushika kwa mikono yake yote miwili, akaenda zake na masanduku. Mlinzi alisikika akimfungulia geti, akimtakia safari njema, kwa mara ya kwanza bila utani.

Bwana Kopo alirudi bandani, akavuta mlango. Harufu ilikuwa bado ipo kidogo, imeshika nailoni na wavu. Akakaa juu ya ndoo. Hakuigusa nailoni wala hakufungua dirisha, asije akaitoa. Kufika saa sita ilikuwa imefifia. Saa saba hakuwa na hakika kama anainusa au anaikumbuka. Saa nane alivuta pumzi ndefu, na palikuwa na harufu ya udongo mkavu na plastiki iliyopigwa na jua.

Akavuta nyingine. Kisha akanyanyuka, akaenda nyumbani mapema, binti yake akiwa bado yuko kwenye cherehani.

"Kimekwisha?" akauliza.

"Kimekwisha."

Binti alisogeza rundo la nguo kutoka kwenye kiti cha pili, ili baba yake apate pa kukaa.